Kitabu cha Warusi Kilichonipeleka Iyolwa

Ulikuwa mwaka wa viazi vitamu. Viwavi walikula mahindi yetu kabla sisi hatujayala, na Busia nzima ikarudi kwenye viazi: harusini viazi, msibani viazi, mgeni akifika anakutana na mvuke wa viazi kabla ya uso wa mwenye nyumba. Kama ulikuwa huku mwaka huo, tumbo lako linakumbuka bila kuulizwa. Ndio mwaka niliokwenda Iyolwa na kitabu cha Warusi.

Nyinyi ninaouza nanyi sokoni mmeniuliza habari za safari hiyo mpaka nimechoka. Huyu nimempa kipande cha mwanzo, yule kipande cha katikati, na sasa mnabishana wenyewe kwa wenyewe kama vile mlikuwepo. Basi nimeandika. Niliacha shule darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta mstari umepinda, unyoosheni wenyewe.

Kwa mliokuja sokoni juzi, niwaeleze kwanza Awor ni nani. Ni mama wa Kipadhola aliyekuwa akiuza samaki wadogo wakavu kando yangu, mimi nikiuza karanga. Karatasi za kufungia karanga nilikuwa nanunua kwa kilo, vitabu vizee, magazeti, chochote. Siku moja Awor alinunua karanga, akazila, akaisoma karatasi, kisha akanirudia. Nilidhani karanga zilikuwa mbichi.

"Karatasi kama hii zimebaki?" akaniuliza.

Zilikuwa zimebaki nyingi, unene wa tofali. Kilikuwa kitabu cha Kiswahili, kizee, na mwanzo wake ulikuwa umeshakwenda na wateja, pamoja na jina lake na jina la mtunzi. Tulijua ni cha Warusi kwa sababu ndani wanaitaja Urusi kila baada ya hatua mbili, kama mlevi anayetaja kijiji chake.

Kuanzia hapo, jua lilipokuwa kali na wateja wamejificha, Awor alisoma na mimi nilisikiliza. Hatukukimbia. Ukurasa mmoja, au miwili, halafu tunakiweka kitabu chini tunawasengenya waliomo. Tumekisoma miaka.

Hadithi ni ya mama mmoja mzee, tajiri, anayetembea na funguo zote za nyumba kiunoni. Tulimwita Mama Funguo, maana Mrusi mmoja ana majina matatu na wanamwita kwa lolote linalokuja mdomoni. Kuna mtu mmoja tulidhani ni ndugu watatu, na mmoja wao tulikuwa tumeshamchukia. Mwana mkubwa wa Mama Funguo alifungwa mbali, kwenye theluji, kwa sababu mume wa dada yake, huyo tulimwita Masharubu, alisema uongo kortini. Sasa mwana ameachiliwa, anarudi nyumbani kwa miguu, na mama yake yuko kitandani. Atamkuta hai? Hapo ndipo tulipokuwa tumefika.

Na uongo ule wa kortini tulijua ulitoka wapi. Nyuma kabisa, Mama Funguo alikaa meza moja na Masharubu akammiminia chai, macho kwa macho. Awor alikifunga kitabu siku hiyo. Kwetu Wasamia, na kwao Wapadhola vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawali pamoja, na mama mkwe haingii wala halali kwenye boma la mkwewe. Tulisema: mtu ambaye mama mkwe amemtazama machoni, ataogopa nini tena? Jaji?

Wakati huo Awor alikuwa na mwana, Othieno, aliyekuja jioni kumbebea mama yake mzigo. Akaanza kuja mapema, akisema anapenda hadithi. Hakuwa anaangalia kitabu. Alikuwa anamwangalia Nabwire wangu, aliyekaa nyuma yangu akimenya karanga. Wakaoana, na tangu siku hiyo Othieno na mimi hatujatazamana.

Halafu macho ya Awor yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Akaacha biashara, akaenda kukaa Iyolwa, upande wa Tororo, kwa mwanawe. Kitabu kikabaki kwangu, kwa sababu yeye hakimfai tena, na mimi sikuwa na moyo wa kukifungua peke yangu.

Ndipo Nabwire akapiga simu. "Mama, madaktari wa macho wanakuja Tororo Alhamisi. Wakiondoka, mpaka mwakani, na wamesema mtoto wa jicho akikomaa zaidi ya hapa itakuwa taabu. Mama Othieno amekataa."

"Amekataaje?"

"Anasema kisu kinaweza kukosea. Anataka kwanza ajue kama yule mwana wa Warusi alifika."

Nikasikia simu inanyang'anywa. "Mama Nabwire," Awor akasema, "njoo unisomee. Tukimaliza nitajua la kufanya."

"Mimi ndiye nisome?"

"Wewe. Hawa watoto wakisoma wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki."

Nikafunga mzigo.

Sikuda mpaka Busia, na ng'ambo kidogo

Nilitoka nyumbani Sikuda na kuku jike mmoja, kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, na viazi, kwa sababu mwaka ule hukuwa na kitu kingine cha kubeba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza kama sabuni. Kabla sijafika mjini nikakumbuka jambo la kipumbavu: miaka yote hiyo nilikuwa msikilizaji. Nikakifungua kitabu pale njiani, na herufi zikanitoroka kama siafu waliomwagiwa maji. Mimi pia nilihitaji miwani.

Miwani ya bei yetu inauzwa ng'ambo, upande wa Kenya. Nikaenda kuvuka. Askari wa pale akautazama mfuko wangu.

"Mama, hiyo Biblia ni kubwa."

"Siyo Biblia."

"Ni nini?"

"Warusi."

"Warusi wangapi?"

"Wengi, na kila mmoja ana majina matatu."

Akataka kukiona. Nadhani alifikiri nimekitoboa katikati nikaficha kitu, maana watu hapa wameficha vitu hata ndani ya papai. Akapekua, akapekua, kisha akaacha kupekua. Akawa anasoma. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika.

"Huyu anayetembea kwenye theluji anakwenda wapi?"

"Kwa mama yake."

"Atafika?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa nyumbani."

Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

Kijana wa miwani alikuwa amezipanga juu ya ubao. "Shosho, vaa hii. Unaniona poa?"

"Nakuona, na sikuja kukuona wewe."

Akanivisha nyingine, na nyingine. Nikafungua kitabu, nikaweka kidole, nikasoma mstari mzima kwa sauti, wa farasi waliokuwa wakipumua moshi. Yule kijana akasema farasi hawapumui moshi. Nikamwambia wa baridi wanapumua. Nikanunua ile ile, ina fremu nyekundu kama ya mwimbaji wa bendi, mliniona nayo siku ile mkacheka.

Busia mpaka Tororo

Haji Musa mnamjua, mwenye lori la bluu, familia yao imekuwa mjini tangu mji ulipokuwa vibanda. Alikuwa anakwenda Tororo kupakia saruji, lori tupu. Akaniweka mbele, kuku miguuni, viazi nyuma. Alisema ningefika Tororo kabla ya chai ya saa nne.

Hatukufika mbali. Trela lilikuwa limeteleza likalala barabarani kama ng'ombe aliyegoma, kichwa mtaroni upande huu, mkia mtaroni upande ule. Hapiti mtu. Magari yakajipanga nyuma yetu. Madereva wakatoa majiko yao, wakawasha, wakapika chai. Mama mmoja wa nyumba za karibu alinusa biashara akaja na chapati. Na kuku wangu, kwa sababu ya kutikiswa au kwa sababu ya wasiwasi, akataga yai chini ya usukani.

"Yai hilo ni langu," Haji akasema. "Gari ni langu."

"Na kuku?"

"Kuku ni abiria. Abiria akisahau kitu garini, ni cha dereva."

Tukalikaanga, tukalikunja ndani ya chapati, tukagawana. Halafu hakukuwa na la kufanya, nikavaa miwani, nikatoa kitabu. Nilitaka tu kujizoeza kabla sijamfikia Awor. Nilisoma kwa kidole, polepole, nikirudia maneno yaliyonikwama. Dereva mmoja akasogea, halafu wa pili. Mwisho nilikuwa nimekaa juu ya dumu, wao wamechuchumaa, wananiuliza ya nyuma. Nikawaeleza ya Masharubu na ile chai.

"Sasa chai ina kosa gani?" Haji akauliza. "Sisi mama mkwe wangu ananimiminia chai kila Idi, tunatazamana, tunacheka. Sijawahi kusema uongo kortini."

"Umewahi kuitwa kortini?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Madereva wakacheka, lakini maneno yake yaliniingia. Miaka yote mimi na Awor tulikuwa tumeujenga ubaya wote wa kitabu kile juu ya birika moja la chai.

Ilipofika alasiri breki ya mtu ilipiga kelele, injini zikawaka, trela lilikuwa limevutwa. Nikakunja ukurasa. Haji hakusimama.

"Malizia," akasema. "Yule mwana amefika kwenye mto, barafu inalia chini ya miguu. Huwezi kumwacha pale."

"Njia imefunguka, Haji."

"Njia haikimbii."

Nyuma wakapiga honi, wakatukana mama zetu sisi wote, na mzee mzima, mwenye saruji inayomngoja, alikataa kuwasha gari mpaka mtu wa kwenye kitabu avuke mto. Nilisoma mpaka akavuka. Nililishika moyoni jambo lile. Mtu akiwa na hamu ya ukurasa unaofuata, hata honi haimtikisi.

Tororo

Tuliingia Tororo jua likiwa linazama, lile jiwe lao kubwa kama mlima limefunikwa wingu mpaka shingoni. Kwenda Iyolwa siku ile haikuwezekana. Haji akanipeleka kwa dada yake nikalale, akaenda zake kupakia.

Dada yake alinipokea kwa namna ambayo sijapokewa hata na watoto wangu. Akanishika mikono yote miwili, akaniketisha kwenye mto, akaleta wali. Wali, katika mwaka wa viazi. Na nyama juu. Nilikula bila kuongea. Alinitazama nikila, machozi yakimlenga.

"Kula, mama. Mungu ni mkubwa. Atamrudisha."

"Nani?"

"Mwanao. Haji amenieleza. Yule aliyefungwa, anayetembea kwenye barafu."

Nyama ilikuwa imeshashuka. Sasa mniambie, ningefanyaje? Nilimweleza kweli yote, kwamba mwana siyo wangu, ni wa kwenye kitabu. Alinipima kwa macho akitafuta kama akasirike. Kisha akasogeza sahani karibu yangu tena.

"Hata hivyo," akasema, "ana mama. Atafika?"

Tororo mpaka Iyolwa

Bodaboda alinichukua asubuhi mpaka kwenye kinamasi, akasimama. Maji yalikuwa juu ya barabara. Alisema pikipiki yake siyo mtumbwi, akanishusha na viazi vyangu, akageuza.

Kulikuwa na mama mmoja pale ukingoni anaosha muhogo. Nikakaa naye kungoja maji yapungue. Hayakupungua. Baada ya muda nikaona mwanamume anavuka kutoka ng'ambo, suruali imekunjwa, fimbo mkononi anapima kina. Nikaijua miguu kabla ya uso. Ni Othieno.

Nikageuka haraka, nikajifunika leso kichwani. Naye aliponitambua aligeuka. Tukawa tumesimama tumepeana migongo kama watoto walioadhibiwa, yeye majini, mimi ukingoni, na yule mama wa muhogo katikati.

"Mwambie," nikamwambia yule mama, "mzigo ni ule, na kuku asimshike mabawa."

"Yeye nasema mzigo ni ile," mama akamwambia Othieno, "na kuku wewe usishike bawa."

"Mwambie nimesikia. Mwambie nitatangulia, afuate fimbo inapopita."

"Yeye nasema yeye nakwenda mbele, wewe nafuata."

"Nimesikia, mama, siyo kiziwi."

"Kama wewe nasikia, mimi nasema kwa nini?" Akacheka mpaka muhogo ukamponyoka.

Tukaingia majini. Yeye mbele na mzigo na kuku, bila kugeuka. Mimi nyuma kabisa, kitabu kichwani. Katikati mguu wangu ukaingia shimoni, nikakaa majini mpaka kifuani. Othieno aliusikia mshindo. Akasimama. Mgongo wake ulikuwa unahangaika. Alitaka kugeuka na hawezi kugeuka.

"Mtu amuulize," akaita, ingawa hakukuwa na mtu, "kama ameumia."

"Mtu amwambie sijaumia."

Akapima kina kwa fimbo.

"Na kitabu, kimelowa?"

Hapo nikajua kwamba zamani pale sokoni alikuwa anasikiliza pia.

"Kikavu," nikasema. Tukaendelea.

Iyolwa, kwenye ua wa minyaa

Nyumba ya Awor iko ndani ya boma la mwanawe, na mimi siwezi kuingia humo. Nilipewa kitanda kwa jirani, mjane aitwaye Auma. Kwa kusoma, tulipata pengo kwenye ua wa minyaa. Awor aliketi kwenye kiti upande wake, mimi kwenye kinu kilichopinduliwa upande wangu. Nabwire alimenya karanga pembeni ya mama mkwe wake. Othieno alikuwa nyuma ya ghala kila nilipofungua kitabu, mara anatengeneza jembe, mara anatafuta jembe alilotengeneza.

Awor alikuwa ameishiwa macho. Anapapasa ukuta kama anauomba msamaha. Yule mwanamke aliyekuwa akimtambua mwizi wa samaki kutoka mwisho wa soko, alininyooshea mkono akakosa, akamsalimu mnyaa.

"Soma," akasema.

Nilisoma Jumatatu, nikasoma Jumanne. Nilipokosea neno, ghala lilikohoa, nikarudia. Awor alisikiliza kichwa kimeinama. Mama Funguo alizidiwa, akagawa funguo moja moja, akabakiza ile ya mlango wa mbele, akailalia. Mwana alipata kazi ya kupasua kuni kwa ajili ya mkate, akaendelea kutembea. Nilimwambia Awor aliyosema Haji kuhusu chai.

Alifikiri. "Kwa hiyo Masharubu alikuwa mbaya tu, bila sababu?"

"Inaonekana."

"Hilo ni baya zaidi," akasema.

Jumatano alasiri tukafika kwenye sura ya mwisho. Kurasa zilizobaki ningeweza kuzishika kwa vidole viwili. Nilipumzika ninywe maji. Awor alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Unajua," akasema, "nimeridhika. Nilikuwa nimeona kilichobaki ni hiki tu. Tukimaliza leo, macho yangu yamefanya kazi yake. Hiyo hospitali waende vijana."

Nabwire aliacha kumenya karanga. Nyuma ya ghala jembe lilinyamaza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoitiwa. Nilikuwa nimepanda lori, nimekaa majini, nimevaa miwani ya mwimbaji wa bendi, ili nimsaidie rafiki yangu kufunga duka. Hakuwa anaogopa kufa bila kujua mwisho. Alikuwa anaogopa kisu, na mwisho ulikuwa ruhusa yake. Nikimsomea kurasa zile, nampa ruhusa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikakumbuka Haji na honi zile.

Nikavua miwani. Nikakifunga kitabu.

"Unafanya nini?" Awor akauliza. Alisikia kurasa.

"Mwisho sikusomei. Utausoma mwenyewe kwa macho yako."

Alidhani natania. Alipoona sitanii alisimama. Aliniita majina ya Kipadhola ambayo sitayaandika, mengine yanahusu mama yangu ambaye Awor mwenyewe alimpenda. Akasema nimekuja kwake kumtesa. Akasema mimi darasa la tatu nisingejua hata kufungua kitabu kama si yeye. Ni kweli, nikamwambia, ni kweli kabisa.

"Nabwire atanisomea."

"Nabwire ni mwanangu. Muulize."

Nabwire akainamisha kichwa juu ya karanga. "Mama, leo sijui kusoma."

"Othieno!"

"Na mimi leo sijui," ghala likajibu.

Nikaingiza kitabu ndani ya leso, nikaifunga kifuani, nikaenda kwa Auma. Sikula. Auma aliweka viazi mbele yangu akaviondoa. Nilifikiri: kama asipokwenda kesho, nimepoteza rafiki na yeye amepoteza macho, na Warusi wamebaki kwenye theluji.

Iyolwa mpaka hospitali

Alfajiri nikasikia fimbo inagonga mlango wa Auma.

"Uko tayari?" Awor akauliza. Alikuwa amevaa gomesi ya kanisani, mkanda umefungwa vibaya. "Twende. Lakini siongei na wewe."

Hakuongea njia nzima. Maji yalikuwa yameshuka. Othieno alikuwa ametafuta gari la jirani, yeye akakaa nyuma kwenye magunia ili mimi nikae mbele, macho kwenye barabara. Awor alikaa kati yangu na dereva, amekaza mdomo. Hospitalini palikuwa na wazee wamejaa kwenye mabenchi na nyasini, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Watu waligawana ndizi na mandazi. Jina lake lilipoitwa, alinyoosha mkono hewani bila kugeuza uso. Sikujua kama ananitafuta au anatafuta mlango. Nikaushika. Ulikuwa baridi kama samaki.

"Kama watakosea," akasema, "utanisomea."

"Hawatakosea."

"Kama watakosea."

Wakamwingiza.

Sitawachosha na kungoja kwangu. Alitoka na bandeji kwenye jicho la kulia, tukalala pale pamoja na wengine wote, na asubuhi muuguzi akapita benchi kwa benchi akifungua. Alipofika kwa Awor, mimi niliangalia pembeni. Nilitazama ukuta. Nikasikia bandeji inatoka.

"Mama, unaona?" muuguzi akauliza.

"Naona," Awor akasema. "Lakini huyu kikongwe ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Akanisogelea, akanitazama paji la uso, mashavu, shingo, kama anayenunua mbuzi. "Mama Nabwire. Na mbona hukuniambia tumezeeka hivi?"

Nililia, basi. Mzee wa benchi la pili alilia pia na hatujuani. Awor akanyoosha mkono, na safari hii haukukosa. Ulikwenda moja kwa moja kwenye leso yangu, pale kitabu kilipo. Muuguzi akaupiga kidogo. Asisome, akasema, asiiname, asipike kwenye moshi mpaka wiki kadhaa zipite.

"Unamsikia?" nikamwambia.

"Namsikia. Na ninamwona pia, ana sura nzuri."

Kuondoka

Nilikaa kwa Auma mpaka muuguzi alipolikubalia jicho kusoma. Nilipalilia, nilimenya karanga, nilimkataza Awor kukaribia minyaa, maana maziwa yake yakirukia jicho ni balaa. Kitabu nililala nacho. Mnaniuliza kama nilichungulia. Sikuchungulia. Tulianza wawili.

Asubuhi ya kuondoka kwangu bodaboda alikuwa ameshafika, viazi vya kurudi navyo vimefungwa, maana huwezi kumrudisha mgeni mikono mitupu hata kama alikuja na viazi hivyo hivyo. Nikakitoa kitabu, nikampa Awor kwenye pengo la ua, na miwani yangu nyekundu juu yake. Nikakaa kwenye kinu, nikakunja mikono, nikangoja asome kama zamani.

Akasoma kimya.

Miaka yote ile sijawahi kumwona akisoma kimya. Midomo imefungwa, kidole kinashuka. Niliutazama uso wake nione nitakachoiba. Alitabasamu. Kisha akafuta jicho lile zima, lile jipya. Kisha akacheka puani. Sikupata kitu. Akafungua ukurasa, akashuka nao. Bodaboda akazima pikipiki. Othieno alikohoa nyuma ya ghala, akakohoa tena. Nabwire aliendelea kumenya ganda moja tangu mwanzo.

Akafika chini kabisa. Akakaa kidogo mkono ukiwa juu ya karatasi. Akakifunga, akakizungushia nailoni, akakinyoosha kwangu kwenye pengo, mbali na maziwa ya minyaa. Miwani hakuirudisha, akaipandisha kichwani kama yake.

"Haya," nikasema. "Alifika?"

Akanitazama tu, macho yote mawili, moja la ukungu na moja la mwanga.

"Awor. Sikuombi yote. Niambie hilo moja. Alimkuta mama yake hai?"

"Mwisho sikusomei. Utausoma mwenyewe kwa macho yako."